Shajara ya mradi: maktaba ya shule isiyotegemea bando

Jumatatu, 13 Mei 2024

Leo niliingia kidato cha tatu na somo la kutafuta taarifa katika intaneti, na intaneti haikuwepo. Tangu jana Jumapili kurasa zilikuwa hazifunguki hapa Moshi, na kufikia asubuhi redio ilikwisha kueleza kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Nikaacha andalio langu nikachora ubaoni pwani ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wengi walidhani intaneti inatoka kwenye ule mnara unaoonekana juu ya migomba upande wa Uru. Leo waliona kwamba mnara ni mlango tu, na kwamba ujumbe unaokwenda Ulaya hushuka kwanza hadi Dar es Salaam, kisha ukazama baharini. Mmoja aliuliza kama hata wapanda mlima wamekosa, kwa kuwa amesikia Horombo, kituo cha wapanda Mlima Kilimanjaro, kuna intaneti. Ipo kweli tangu Agosti 2022, kwenye mwinuko wa mita 3,720, lakini nayo ikitaka kufika ng'ambo hupita baharini kama ya kwetu.

Lilikuwa somo zuri kuliko nililoliandaa. Hata hivyo kengele ilipolia nilibaki na jambo moja kifuani: kwa nini shule yenye chumba cha kompyuta ishindwe kusoma hata makala moja ya sayansi kwa sababu waya umekatika mbali kiasi kile? Sisi ni shule ya kata, na bando tunalochangishana walimu huishia kwenye kazi za ofisi na matokeo ya mitihani, kwa hiyo hata siku waya wa baharini ukiwa mzima, mwanafunzi wangu hana chake. Jioni nilimwandikia mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja, nikiomba ruhusa ya kujenga maktaba ya ndani: seva ndogo yenye vitabu, kamusi elezo na masomo ya video, inayosomwa na kompyuta zote za chumba bila kutoka nje ya uzio. Alikubali hapo hapo kwa masharti mawili, kwamba nisiguse fedha ya ruzuku na kwamba niandike kila hatua. Shajara hii ni utekelezaji wa sharti la pili.

Jumamosi, 18 Mei

Nimehesabu mali. Kompyuta za mezani 14 tulizopewa na ofisi moja ya mjini zilikuwa zimefunikwa kanga kuukuu, na vumbi lililokuwa ndani yake lilitosha kupanda mchicha. Tisa ziliwaka, tano zikalia milio mitatu mirefu na kunyamaza. Tulizifungua na wanafunzi wanne wa klabu ya TEHAMA, tukachomoa RAM, yaani vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, tukasugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli mpaka ikang'aa, tukazirudisha mahali pake, na mbili kati ya tano zikafufuka. Tatu zilizobaki tumezikubali kuwa akiba ya vipuri. Kwa RAM zilizotoka humo na nyingine nilizokuwa nimezihifadhi, mashine zote 11 sasa zina gigabaiti 4 kila moja.

Kosa lililojirudia kwenye karibu kila mashine ni betri ndogo ya saa, ile ya duara ya volti 3 iitwayo CR2032. Ikifa, kompyuta husahau tarehe kila inapozimwa, na kivinjari hukataa kufungua tovuti salama kwa kuwa kinaamini vyeti vya tovuti hizo bado havijaanza kutumika. Kwa muda mrefu walimu wenzangu wamekuwa wakisema mashine hizi "hazishiki intaneti", kumbe zilikuwa zinaishi mwaka 2009. Nimenunua betri 11 kwa fundi saa karibu na soko la Mbuyuni, na mashine zote nimezipa mfumo endeshi wa Linux Mint ya Xfce, ambao unaenda vizuri kwenye kumbukumbu ndogo.

Jumapili, 9 Juni

Shule imefunga, nami nimehamia Soweto, mtaa wa hapa Moshi, kwa shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye nyumbani kwake kuna intaneti ya waya isiyo na kikomo. Mkongo wa baharini umepona. Kazi ni kupakua Wikipedia nzima katika faili moja la Kiwix, programu ambayo tangu 2007 imekuwa ikifunga kamusi elezo hiyo ili isomwe bila mtandao. Toleo la Kiingereza lenye picha linazidi gigabaiti 100. Nimechagua lisilo na picha, ambalo ni zaidi ya 50, pamoja na la Kiswahili, ambalo ni dogo sana na nimelichukua na picha zake zote. Mke wangu ni muuguzi, akaniambia nisirudi nyumbani bila ile sehemu ya tiba inayotolewa peke yake, kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mazoezi zamu za usiku humwuliza maswali simu zao zikiwa hazina kitu. Nimeichukua pia.

Hesabu ilikuwa hivi: kasi tuliyoipata ni megabiti 8 kwa sekunde, yaani megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 50 ni sekunde 50,000, karibu saa 14. Niliacha mashine usiku mzima na mchana wake. Faili lilipotimia, ili nijue kama limefika zima, nililinganisha alama yake ya uhakiki na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, tarakimu kwa tarakimu, binti yangu wa darasa la sita akinisomea na mimi nikifuata kwa kidole. Zilikubaliana. Kisha nikaanza kulihamishia kwenye diski ya nje ya shule, na mara moja likakataliwa: faili ni kubwa mno. Diski ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 900.

Binti alinitazama akauliza, "Baba, nafasi ipo, sasa linakataaje kuingia?" Ni swali sahihi kabisa. Diski ilipangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa kila faili katika biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,295. Nafasi ya kuweka faili ipo, ila hakuna nafasi ya kuandika ukubwa wake. Nikamwambia ni kama fomu ya benki yenye visanduku sita vya kiasi. Ukija na milioni moja, fedha unayo mkononi lakini fomu haiwezi kuipokea. Tukaipanga diski upya kwa mfumo wa ext4, unaoweza kuandika namba kubwa zaidi, na faili likaingia.

Alhamisi, 4 Julai

Muhula wa pili umeanza. Kidato cha pili walikuwa kwenye mfumo wa namba za jozi, nikawapa kisa cha diski bila kuwaambia sababu, nikawaachia ubao. Katika dakika 20 watatu walifika kwenye 2 kwa kipeo cha 32. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mabishano yaliyowafikisha pale yalikuwa ya Kiswahili mwanzo mwisho, na sikuyakatiza.

Jumamosi, 13 Julai

Siku hii naiandika kwa urefu kwa sababu imetugharimu saa sita, na sitaki mwalimu mwingine azipoteze.

Tulikuwa tunatandaza kebo kutoka kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao mmoja, hadi kwenye kila kompyuta, pamoja na kebo ndefu ya mita 38 inayokwenda chumba cha walimu. Wanafunzi sita walijifunza kumenya kebo, kunyoosha nyaya nane, kuzipanga, kuzikata sawasawa na kubana plagi kwa koleo. Kila kebo tuliipima kwa kile kipimio cha taa nane, na kila mara taa ziliwaka kwa zamu kuanzia moja hadi nane, pande zote mbili. Tukafunga, tukawasha. Kompyuta zilizo karibu na swichi zilisoma seva vizuri, lakini za mwisho wa chumba zilifungua nusu ya ukurasa na kusimama, na chumba cha walimu hakikupata kitu cha maana: kila nikituma pakiti 100 za majaribio (vipande vidogo vya data), nyingi zilipotelea njiani.

Nilishuku swichi, nikabadilisha tundu. Nilishuku kadi ya mtandao, nikabadilishana mashine. Nilishuku hata nyaya za umeme zilizopita darini sambamba na kebo yetu, jambo ambalo halikuwa mbali na ukweli, ila sikujua bado kwa nini. Saa tisa alasiri msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameinua plagi kwenye mwanga wa dirisha, akailinganisha na kebo ya dukani iliyokuja na ruta, akasema, "Mwalimu, mbona kijani wetu wamekaa pamoja? Kwenye hii ya dukani wametenganishwa na bluu."

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi nilikuwa nimewaambia kwa haraka, "Pangeni kila rangi na mwenzake," nao wakatii: chungwa-nyeupe na chungwa, kijani-nyeupe na kijani, bluu-nyeupe na bluu, kahawia-nyeupe na kahawia. Mpangilio unaotakiwa ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mtandao wa kasi ya megabiti 100 hutumia mguu wa 1 na wa 2 wa plagi kwa upande mmoja wa mazungumzo, na wa 3 na wa 6 kwa upande mwingine. Sisi kwenye 3 na 6 tulikuwa tumeweka kijani-nyeupe na bluu, yaani nyaya zilizotoka katika misokoto miwili tofauti, maana ndani ya kebo kila rangi imesokotwa na nyeupe yake.

Hapo ndipo kipimio kilipotudanganya, na napenda kulieleza hili vizuri. Kipimio cha taa huuliza jambo moja tu, kama umeme ulioingia mguu wa 3 huku unatokea mguu wa 3 kule, na kwa kuwa tulikosea kwa namna ile ile pande zote mbili, jibu lilikuwa ndiyo. Hakiulizi waya huo umesokotwa na nani. Ili wanafunzi waone umuhimu wa msokoto nilichukua kamba mbili za katani nikazisokota pamoja, nikampa mmoja azipake chokaa huku akitembeza mkono kutoka mwanzo hadi mwisho: kila kamba ilipata chokaa kiasi karibu sawa, kwa sababu zilikuwa zinapokezana upande wa juu. Usumbufu wa nyaya za umeme huingia hivyo hivyo, kwa kipimo sawa kwenye nyaya mbili za jozi moja, na mashine inayopokea husoma tofauti kati yake tu, hivyo usumbufu hujifuta. Ukichukua waya mmoja kutoka kila jozi, hakuna cha kujifuta. Kwenye kebo ya mita 4 madhara hayaonekani. Kwenye mita 38, chini ya nyaya za umeme, yanaonekana.

Plagi ikishabanwa haitumiki tena. Tumekata na kutupa zote, tumebana upya, na pakiti 1,000 nilizotuma chumba cha walimu zimefika zote. Yule msichana nimempa kazi rasmi ya ukaguzi: hakuna kebo itakayoingia kwenye swichi kabla hajaitazama dirishani.

Jumatatu, 22 Julai

Ijumaa jioni baba alinipigia simu kutoka shambani. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza, "Hizo kompyuta zako nazo zimelala?" Alikuwa amesikia redioni kuhusu mashine zilizozimika duniani tarehe 19, ndege zikakwama viwanjani na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Leo darasani swali lilikuwa lile lile, na wengi walikuja wakiamini ni virusi. Haikuwa hivyo. Lilikuwa faili la masasisho kutoka kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike lililokuwa na kasoro, na likaangusha mashine za Windows kila zilipojaribu kuwaka. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5. Zetu hazina programu hiyo, kwa hiyo hazikuguswa, lakini sikutaka wanafunzi wabaki na kujipongeza. Programu yoyote inayoruhusiwa kuingia hadi kiini cha mfumo inaweza kuuangusha, awe mwizi aliyeiandika au mlinzi.

Kuanzia leo, sasisho lolote litawekwa kwanza kwenye kompyuta namba 11 peke yake na litakaa wiki nzima kabla ya kwenda kwenye nyingine. Seva ndiyo itakuwa ya mwisho.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wenye nafasi wamekwenda Arusha kwenye maonyesho ya Themi; sisi tulipanda kihambani kwa baba, yaani kwenye shamba la nyumbani, na nilibeba kompyuta mpakato yenye nakala ya maktaba ili niipime kwa mtu ambaye si mwanafunzi wangu.

Binti alikaa na babu yake kwenye benchi chini ya mgomba, akamfungulia Wikipedia ya Kiswahili. Walianza na Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakasoma habari za kahawa, kisha za ndizi. Baadaye baba akamwambia atafute mfongo, maana alikuwa ametoka kumsimulia jinsi walivyokuwa wakiteremsha maji kutoka mtoni kuja shambani. Binti alitafuta kwa tahajia zote alizozijua, na habari aliyoitaka, ile ya mfongo wa babu, hakuipata. Alinigeukia akasema kwamba kamusi hii haimjui babu. Hakuna mtu aliyecheka, na mimi niliona kwamba hilo ndilo pengo kubwa la mradi wangu, kubwa kuliko diski na kebo.

Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi. Vyama hivyo vya msingi ndivyo vilivyoungana katika KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, tangu 1933, na makarani wake walipima kila kilo ya mkulima na kuiandika kwa wino. Alikwenda ndani akarudi na daftari refu lenye jalada gumu, akanionyesha kurasa zenye mstari mwekundu chini ya kila siku. Alisema, "Daftari lisipofungwa jioni, kesho yake siyo hesabu tena, ni hadithi." Kisha akauliza maktaba yangu inaandikwa na nani kila jioni, nami sikuwa na jibu la kumpa. Nimeomba daftari moja tupu katika yale aliyobaki nayo, akanipa. Litakuwa daftari la mahudhurio la chumba cha kompyuta, na litafungwa kila siku kwa mstari mwekundu.

Jumamosi, 24 Agosti

Umeme. Wiki hii ulikatika mara nne, na wanafunzi waliuliza inakuwaje ilhali mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha Februari mwaka huu, na bwawa lenyewe limeundwa kwa megawati 2,115. Niliwaeleza kwamba kuzalisha na kusambaza ni mambo mawili: maji ya Rufiji hayawezi kuzuia tawi la mgrevilia lisianguke kwenye waya wa hapa juu wakati wa upepo. Kwa shule tiba iliyo ndani ya uwezo wetu ni betri. Seva yetu ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana, yenye diski yake, na pamoja na ruta havizidi wati 20. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ya risasi na asidi haifai kutolewa zaidi ya nusu, kwa hiyo tuna 600, ambazo zinatosha saa 30, na nikitoa umeme unaopotea njiani bado nabaki na siku nzima. Kompyuta za mezani zitazimika umeme ukikatika, lakini mpakato tatu na simu za walimu zitaendelea kusoma. Mzazi mmoja mwenye karakana ametupatia betri kwa bei ya kununulia.

Betri ilipofungwa, tatizo lililokuwa limejificha likajitokeza. Nilikuwa nalinganisha daftari la baba na kumbukumbu za seva, na tarehe zilikuwa hazikubaliani: mwanafunzi aliyesaini daftari Jumatano seva ilisema amesoma Jumatatu. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri yake. Ikiwa kwenye intaneti huuliza saa huko. Isipokuwepo, inapowashwa huendelea na saa ile iliyokuwa inasoma ilipozimwa. Kila usiku tulioizima ulikuwa umeifanya ibaki nyuma kwa muda wa usiku huo, na kwa wiki za kukatika umeme siku zilijumlishana. Dawa ni moduli ndogo ya saa ya DS3231 yenye betri ya duara, inayochomekwa kwenye miguu ya Raspberry. Nimeiagiza Dar es Salaam. Bila lile daftari la karatasi nisingejua, na nimempigia baba simu kumweleza.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa imefika, imefungwa, inakubaliana na daftari.

Kazi niliyoahirisha tangu Nane Nane imeanza. Klabu ya TEHAMA ina wanafunzi 19, na kila mmoja amepewa jambo moja la nyumbani kwao aliulize kwa mzee, aliandike kwa Kiswahili na kulitengenezea ukurasa: mfongo, kihamba, namna ya kuivisha ndizi za mbege (pombe ya ndizi), kahawa ilivyofika kupitia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Sheria nilizoweka ni kali kwa makusudi. Mzee aombwe ruhusa kabla ya kuandikwa na kabla ya kurekodiwa. Jina lake lisiwekwe asipotaka. Maneno ya Kichaga yaachwe kama alivyoyatamka kisha yafafanuliwe. Na ukurasa usomwe kwake tena kabla haujaingia kwenye seva.

Kurasa ni HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ya kawaida, bila mapambo, na hapo ndipo mabishano ya msamiati yalipoanza. Je, tuandike folda au kabrasha? Kubofya au kuklik? Mimi nimekaa na suala hili tangu 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa mshirika katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na nilizifungua kwa shauku ambayo bado naikumbuka. Nilichojifunza ni kwamba neno linalosemwa chumbani ndilo linalodumu. Wanafunzi wamekubaliana: kubofya, kupakua, nywila, kivinjari, kwa sababu wanayasema, lakini folda ibaki folda na flashi ibaki flashi. Msichana wa ukaguzi wa kebo amependekeza tuandike pia ukurasa wa rangi za nyaya, wenye picha ya plagi mbili, yetu iliyokosewa na ile sahihi. Ndio ukurasa wa kwanza uliokamilika.

Masomo ya video nayo yamepanda. Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, inaenda kwenye Raspberry hiyo hiyo, na masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili yameanza kutumiwa na wa kidato cha kwanza wanaopata taabu kuvuka kutoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Wanasikiliza sehemu kwa Kiswahili, kisha wanarudi kwenye kitabu. Mwalimu wa hisabati ameomba vipindi viwili kwa wiki, na hilo limenifurahisha kuliko kompyuta zote 11.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, shule imefungwa, nimepanda kufanya usafi wa seva peke yangu. Mwaka mmoja kamili kutoka leo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft itaacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta za ofisi ya shule na ya taaluma, tatu kwa jumla, zinaitumia, na hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Katika taarifa yangu kwa bodi nimependekeza moja ihamishiwe Linux mwezi Januari ili karani wa taaluma aizoee taratibu, na kwamba shule isinunue mashine mpya kwa hofu. Kabla ya hapo lazima nihakikishe majedwali ya alama yanafunguka sawasawa katika LibreOffice, programu za ofisi tunazotumia kwenye Linux. Mawili kati ya matano niliyojaribu leo yameharibu mipaka ya visanduku, ingawa hesabu zote ziko sahihi. Nitaendelea nayo.

Daftari linaonyesha kwamba wiki iliyopita chumba kilifunguliwa siku tano na kutiwa saini mara 143. Siku mbili kati ya hizo shule haikuwa na bando kabisa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Baba ameshuka leo na bodaboda hadi shuleni, akiwa na koti lake la kanisani. Nilimweka kwenye kompyuta namba 4, mwanafunzi aliyeandika ukurasa wa mfongo akasimama pembeni yake, mikono nyuma. Baba alisoma polepole, akifuata mistari kwa kalamu bila kugusa kioo. Alipofika kwenye aya inayosema banio la kuelekeza maji hujengwa kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, alisimama. "Umeandika vizuri, mjukuu wangu, lakini hukuandika nani hufungua maji kwanza. Waliokuja kusafisha mfongo ndio wanaopata zamu. Asiyekuja hulipa faini ndipo apate. Bila hilo mtu akisoma atadhani maji yalikuwa ya kila mpita njia."

Mwanafunzi aliketi, akafungua faili, akaandika sentensi mbili, akamsomea. Baba akaomba neno moja libadilishwe, likabadilishwa. Kisha akauliza kama ameshaufunga. Tulihifadhi ukurasa, tukanakili maktaba yote kwenye diski ya pili ambayo kuanzia leo itakaa kwenye kabati la mkuu wa shule, na baba mwenyewe akapiga mstari mwekundu kwenye daftari, chini ya tarehe.

Bado kurasa sita za wanafunzi hazijasomwa kwa wazee wao. Zitasubiri hadi mitihani ya kidato cha nne ipite.